Mtumbwi wa futi 28 ni wa nani?

Ukishuka kwenye mwalo wa Kiyindi, Uganda, alfajiri, wakati mitumbwi inarudi, utaona vitu viwili vikipimwa. Samaki hulazwa kwenye ubao wenye alama za sentimita. Mtumbwi hunyoshewa tepu kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma. Mputa, ambaye Watanzania wanamwita sangara na Wakenya mbuta, asipofika sentimita 50 ni kosa, na akizidi 85 ni kosa vilevile. Ngege, yaani sato, asipofika inchi 11 ni kosa. Na mtumbwi wenyewe, hapa Ziwa Victoria, usipofika futi 28 ni kosa hata kama haujabeba samaki hata mmoja.

Hilo la mwisho ndilo linalonikaa rohoni. Mambo ya uvuvi Uganda huzungumzwa kwa mkupuo mmoja: uvuvi haramu, nyavu haramu, samaki wachanga, mitumbwi haramu, jeshi. Kila kitu kinatiwa kapu moja, halafu unaulizwa uko upande gani, wa ziwa au wa wahalifu. Mimi nataka kulimwaga hilo kapu chini tuone kilichomo, kwa sababu kuna kanuni zinazomlinda samaki na kuna nyingine ambazo, kwa jina la samaki, zinaamua nani awe na chombo na nani awe kibarua.

Kwanza tumpe samaki haki yake. Mputa huchelewa kupevuka, na jike huchelewa zaidi ya dume. Ukimvua akiwa na sentimita 35 umemvua mtoto ambaye hajawahi kutaga. Na yule jike mkubwa aliyepita sentimita 85 ndiye mwenye mayai mengi kuliko wote, kwa hiyo naye aachwe. Nchi tatu za ziwa zilikubaliana juu ya vipimo hivyo kupitia shirika lao la uvuvi lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994, lenye makao yake hapa hapa Jinja. Nyavu za mputa zisipungue inchi 7, za ngege zisipungue inchi 5. Makokoro, zile nyavu za kukokotwa hadi ufukweni, marufuku. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zinazokatika zikazama zikaendelea kuua samaki peke yake chini ya maji, marufuku. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo, na wavuvi wengi wazee nao hawana. Muulize mzee yeyote wa Katosi au Lambu atakwambia enzi za ujana wake samaki wa mkono mzima walikuwa wa kutupia paka.

(Ingawa hapa pana kichekesho cha historia. Mputa mwenyewe ni mgeni Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwala nkejje karibu wote, wale samaki wadogo wa asili ambao Waganda wana hadi ukoo wenye jina lao. Leo anayelindwa kwa bunduki ndiye aliyekula wenyeji. Lakini hayo yalishapita, na ndiye anayelipa karo za shule.)

Sasa tuje kwenye futi 28.

Serikali ina hoja zake na si za kupuuza. Mitumbwi midogo, hasa ile ya tako bapa inayoitwa parachuti, haiwezi kwenda mbali. Huzungukazunguka kwenye maji ya kina kifupi karibu na matete, na huko ndiko samaki wanakotagia na kulelea watoto. Ukiiondoa mitumbwi hiyo umeyafunga malezi ya samaki. Pili, ziwa hili lina dhoruba za ghafla, na kijimtumbwi kikikutana na wimbi la usiku hakirudi. Watu wamekufa sana.

Hoja ya dhoruba naikubali, ila jaketi la kuokolea ni rahisi kuliko mtumbwi mpya, na sijawahi kusikia operesheni kubwa ya kukagua majaketi. Hoja ya malezi ya samaki naikubali nusu. Wavu wa inchi 7 ukitegwa kutoka mtumbwi wa futi 20 hunasa samaki yule yule ambaye ungemnasa ukitegwa kutoka mtumbwi wa futi 28. Macho ya wavu ndiyo yanayochagua samaki. Na kama shida ni mahali, basi yawekewe mipaka maeneo ya mazalia, yajulikane, na yeyote atakayeingia humo ashikwe, mwenye chombo kidogo na mwenye kikubwa.

Nadhani sababu ya kweli ni nyepesi zaidi, na hakuna anayependa kuisema jukwaani. Wavu uko chini ya maji, usiku. Kuukagua lazima uutoe, uunyoshe, upime jicho moja moja. Mtumbwi unaonekana mchana kutoka mbali. Askari mwenye boti ya kasi hahitaji kujua chochote kuhusu samaki ili aone chombo ni kifupi. Kanuni ya futi 28 ni rahisi kusimamia, na kwa kuwa ni rahisi kusimamia ndiyo iliyosimamiwa kwa nguvu kuliko zote.

Gharama yake kwa mvuvi tuipige hesabu. Natumia tarakimu za mfano tu, nyepesi, ili tuone umbo la jambo. Tuseme mtumbwi mkubwa wenye injini umerudi na samaki wa shilingi 500,000. Mafuta, barafu na chakula vimekula 200,000. Zimebaki 300,000. Mgao hutofautiana mwalo kwa mwalo, lakini tuchukulie tajiri, yaani mwenye chombo, anachukua nusu kwa ajili ya mtumbwi, injini na nyavu zake. Nusu iliyobaki wanagawana mabaharia watatu. Kila mmoja anaondoka na 50,000.

Sasa mchukue mtu na mdogo wake kwenye mtumbwi wao wa futi 20, makasia mawili, nyavu chache za kipimo halali. Wamerudi na samaki wa 120,000. Hakuna mafuta ya kukata. Hakuna tajiri. Kila mmoja ana 60,000, na jioni mtumbwi wanaoulaza mchangani ni wao. Wametoa ziwani chini ya robo ya samaki waliotolewa na wale wengine, na kila mmoja wao amepata zaidi.

Ukitaka samaki wengi kiwandani, chombo cha kwanza ndicho unachokitaka. Ukitaka watu wengi waishi kwa samaki wachache, ni cha pili. Kanuni yetu ilichagua cha kwanza na ikauita uchaguzi huo uhifadhi.

Kuna neno moja linalotumika kwenye mialo yote ya upande wa Uganda ambalo linamgusa mtu wa Kiswahili akilisikia: baria. Ni baharia wetu, aliyesafiri kutoka pwani akapoteza silabi njiani. Kwetu baharia ni mtu wa heshima kidogo, mjuzi wa nyota na upepo. Kwenye mialo ya visiwani, Kalangala na Buvuma, baria ni kibarua wa mtumbwi, kijana asiye na chombo, asiye na wavu, anayehamia mwalo hadi mwalo na mfuko mmoja wa nguo. Zamani ubaria ulikuwa hatua. Kijana aliingia kama baria, akaweka akiba ya misimu miwili mitatu, akanunua kijimtumbwi kidogo na vipande vya nyavu, akaanza kujitegemea, na Mungu akijalia siku moja akawa tajiri. Kile kijimtumbwi kidogo kilikuwa ngazi ya katikati. Kanuni ya futi 28 iling'oa ngazi hiyo. Baria wa leo, ili atoke kwenye ubaria, lazima aruke kutoka mifuko mitupu hadi mtumbwi mrefu wa mbao nzuri, injini, na nyavu za kutosha kuufanya mtumbwi huo ulipe. Mkopo hapati, kwa sababu benki inataka hati ya ardhi na visiwani wengi wamepanga. Anayeweza kununua chombo hicho mara nyingi anaishi mjini, ana biashara nyingine, na ziwa analiona wikendi.

Matokeo yake ni kwamba umiliki unahama kutoka mwaloni kwenda mjini bila sheria yoyote kusema "umiliki uhame".

Historia ya namna tulivyofika hapa ni ndefu na sitaieleza yote. Sheria ya samaki tuliyoitumia miongo yote hii ilikuwa ya mwaka 1951, ya mkoloni, hadi Bunge lilipopitisha nyingine mwaka 2022. Katikati hapo pana 1999, ambapo Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wetu baada ya watu kuvua kwa kutumia sumu. Viwanda vilifunga, mialo ikanyamaza, na serikali ikajifunza somo ambalo halijalisahau: mteja wa mbali anaweza kulifunga ziwa kwa barua moja. Tangu hapo kanuni zetu zimekuwa na sikio moja kwa mvuvi na sikio kubwa zaidi kwa mnunuzi.

Lakini kuna jambo lilifanyika mwaka 2003 ambalo nalitetea mpaka leo. Zilianzishwa kamati za usimamizi wa mialo, maarufu kama BMU. Kwenye kamati hizo viti viligawanywa kwa kanuni: asilimia 30 wenye mitumbwi, asilimia 30 mabaria, asilimia 10 wachuuzi wa samaki, na 30 iliyobaki kwa watu wengine wanaoishi kwa samaki. Soma tena hapo kwa mabaria. Kijana asiye na chombo alikuwa na haki ya theluthi kasoro ya meza iliyoamua mambo ya mwalo. Sijui ni mahali gani pengine katika uchumi wa Uganda ambapo kibarua amewahi kupewa nafasi kama hiyo kwa maandishi.

Zilioza, ni kweli. Kamati nyingi ziligeuka vituo vya kukusanya ushuru; mwenyekiti ndiye aliyekuwa na kokoro kubwa kuliko wote; ofisa aliyepaswa kumkamata alikuwa analala kwake. Samaki walizidi kupungua. Na Novemba 2015, kampeni zikiwa zimepamba moto kuelekea uchaguzi wa Februari 2016, Rais Museveni alizisimamisha, pamoja na shughuli za maofisa wa uvuvi. Wavuvi walishangilia, na kwa muda ziwa halikuwa na mwenyewe. Kilichovuliwa katika miezi hiyo kila mtu wa ziwani anakijua. Kisha uchaguzi ukapita, na mwanzoni mwa 2017 likaja jeshi, kupitia kikosi maalumu cha kulinda uvuvi.

Mtu akitaka kuelewa chuki iliyofuata asiangalie kanuni, maana kanuni nyingi zilikuwepo kabla ya 2017. Aangalie mwendo wa mambo. Mwaka mmoja unaambiwa kwa kauli ya juu kabisa vua upendavyo, mwaka unaofuata mtumbwi wako unachomwa moto mbele ya watoto wako. Mtu aliyekopa katikati ya 2016 kununua mtumbwi wa futi 24, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, mwaka 2017 alikuwa na deni na jivu.

Na lugha nayo ina mzigo wake. Uganda, Kiswahili kimeishi kwa muda mrefu kambini kuliko darasani. Katiba ilikitambua kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, baraza la mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, na sisi tunaokiandika tumefurahi. Lakini mzee wa Buganda anayekumbuka miaka ya 1980 akisikia "panda gari" hafikirii safari. Anakumbuka misako, na watu waliopandishwa malori wasirudi. Sasa mzee huyo huyo, akiwa na nyavu zake, anasikia amri kwa Kiswahili kutoka kwenye boti ya kasi. Tunaokipenda Kiswahili tuna sababu ya kusikitika kwamba kwa watu wengi wa visiwani sheria ya samaki iliwafikia kwa sauti hiyo. Malalamiko ya vipigo yalifika hadi bungeni, zaidi ya mara moja, kwa vinywa vya wabunge wa wilaya za ziwa.

Je, samaki walirudi? Walirudi, na anayekataa hilo anajidanganya. Mauzo ya samaki nje, yaliyofikia karibu dola milioni 143 mwaka 2005 kisha yakashuka, yalikuwa kwenye milioni 120 na ushee mwaka 2016. Mwaka 2018 yalipita milioni 170. Viwanda vilivyokuwa vinafanya kazi siku mbili kwa wiki vikapata malighafi. Wavuvi wenyewe, hata wanaolilaani jeshi, watakwambia mputa wa kipimo alionekana tena. Kwa hiyo swali langu halihusu kama ulinzi ulizaa samaki. Nauliza samaki hao walipita mikononi mwa nani.

Jibu lake tulitafute kwenye bondo.

Bondo ni kile kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, ambacho Waganda wanakiita enuni. Zamani kilitupwa au kuliwa na aliyepara samaki. Leo kinakaushwa na kusafirishwa hadi China na Hong Kong, na kilo yake ina thamani inayofanya minofu ionekane mchicha. Bondo la samaki mkubwa ndilo ghali zaidi, na la jike na la dume hayana bei moja. Sasa tazama mtego. Kanuni inasema mputa aliyepita sentimita 85 mrudishe majini, ndiye mama wa ziwa. Soko linasema huyo huyo ndiye mwenye bondo la bei kubwa kuliko wote. Umempa mtu maskini kisu na mama wa ziwa, ukamwambia amwachie kwa hiari.

Tena kumwachia kwenyewe mara nyingi hakuwezekani. Nyavu hutegwa jioni na kutolewa alfajiri, na mputa aliyenasa saa tano usiku, saa kumi na moja ameshakufa. Kumtupa maiti majini hakuzai mayai. Kipimo cha juu kina maana kwa anayevua kwa ndoano, labda. Kwa mwenye nyavu kingekuwa na maana kama kingewekwa kwenye wavu wenyewe, kwa kuweka pia ukomo wa juu wa macho, kwa sababu wavu wa jicho fulani hunasa zaidi samaki wa unene fulani; mdogo anapenya na mkubwa sana anadunda. Lakini tumeweka ukomo wa chini tu wa wavu, halafu tunamwadhibu mvuvi kwa maamuzi ambayo wavu ulishayafanya usiku yeye akiwa amelala.

Na bondo likishatoka mwaloni halipimwi tena. Hakuna ubao wa sentimita kwenye ghala la msafirishaji. Baria hukamatwa na samaki watatu wachanga ndani ya ndoo, lakini mzigo wa mabondo yaliyotoka kwa samaki waliopita kipimo unasafiri kwa ndege kama bidhaa halali ya kuiletea nchi dola. Mnyororo mzima wa thamani una sheria kwenye pete ya kwanza, ile dhaifu, kisha unalegea kadiri unavyopanda.

Nyavu haramu nazo hivyo hivyo. Hazioti kwenye matete. Nyavu za uzi mmoja huingia nchini kwa malori na makontena, hupita mpakani, hukaa madukani Kampala, hununuliwa kwa risiti au bila risiti. Kuchoma nyavu mwaloni kunapendeza kwenye picha. Lakini mvuvi aliyechomewa nyavu za inchi 7 kwa sababu mtumbwi ulikuwa mfupi, kesho yake akirudi dukani na kidogo alichobakiwa nacho, atanunua nini? Ile ya rahisi. Ile ya uzi mmoja. Operesheni imempokonya wavu halali ikamsukuma kwenye haramu. Tanzania walilipitia hili kwenye Operesheni Sangara ya 2018, kwa moshi mwingi na kelele nyingi bungeni Dodoma, na sioni kwamba tulikaa nao chini tukawauliza wamejifunza nini.

Wanawake wa mwaloni husahaulika katika hesabu hizi kwa sababu mtumbwi si wao. Lakini aliyekuwa akinunua samaki wa yule mwenye kijimtumbwi ni mama mwenye jiko la kubanika, mwenye mtaji wa ndoo mbili. Chombo kikubwa hakimuuzii yeye. Mzigo wake umeshaahidiwa wakala wa kiwanda, ambaye ndiye aliyekopesha mafuta. Mama huyo anabaki na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, ile Wakenya wanaiita mgongo wazi na Watanzania mapanki. Kama si hiyo, anahamia mukene, dagaa wa ziwa hili, na huko nako amekutana na marufuku ya hariapu, ule mtindo wa kuzungushia wavu na kukokota haraka kwenye mwanga wa taa usiku wa giza. Hoja ya kuipinga hariapu ni kwamba inakumba watoto wa mputa na ngege pamoja na mukene, na inaaminika. Ila mukene ndiye samaki ambaye mtu wa kawaida Uganda anaweza kumnunua, na sehemu kubwa yake inaishia kwenye chakula cha kuku. Ningetamani kuona ukali ule ule ukielekezwa huko.

Mwaka 2020 nao ulileta yake. Maji ya ziwa yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, rekodi ya wakati huo, nyumba za mialoni zikazama, na serikali ikakumbusha kwamba mita 200 kutoka ufukweni si za mtu. Mvuvi akawa amebanwa nchi kavu na majini kwa wakati mmoja.

Wanaonisoma watauliza: basi tuache kila mtu avue? Hapana. Nenda Ziwa Edward na George, kule Katwe, Katunguru na Rwenshama, vijiji vya wavuvi vilivyo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Kule toka zamani kanuni kuu imekuwa idadi: kila mwalo una idadi yake ya mitumbwi yenye leseni, na leseni mpya hupatikana ikiwepo nafasi. Nako kuna matatizo makubwa, vijana wengi kuliko leseni, mitumbwi ya wizi, na ukivuka mstari usioonekana unaishia mikononi mwa wanajeshi wa Kongo. Lakini wazo lenyewe ni la haki zaidi. Unahesabu mitumbwi badala ya kuipima. Ukisema mwalo huu ni mitumbwi 60, basi wenye mwalo wanaweza kugombana na kukubaliana nani awemo, na mwenye futi 20 ana nafasi sawa na mwenye futi 30. Ukisema futi 28, umeshaamua mapema kwamba mwenye pesa yumo, na unaweza kuwa na mitumbwi elfu ya futi 28 ikilimaliza ziwa kihalali kabisa.

Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa upande wa Tanzania mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zenye ziwa lile. Watu waliumia, ndiyo, miezi mitatu bila dagaa ni mingi. Lakini tarehe ilijulikana. Tajiri na baharia walifunga pamoja na wakafungua pamoja. Mtu aliweza kupanga: nitalima, nitaenda kwa shemeji, nitakopa kidogo. Maumivu yenye tarehe mtu anayapangia. Mvuvi wetu hajui boti ya kasi itakuja Jumanne au itakuja baada ya uchaguzi.

Ningeanza na mambo machache yanayowezekana. Kanuni ya futi ibaki kwa maji ya mbali, huko kwenye dhoruba, na karibu na nchi kavu ziruhusiwe idadi maalumu za mitumbwi midogo yenye namba, nje ya mazalia yaliyowekewa mipaka. Anayekamatwa na chombo kifupi lakini nyavu halali arudishiwe nyavu zake. Kuzichoma ni kumfundisha uhalifu. Mabondo yakaguliwe ghalani kwa ukubwa kama samaki anavyokaguliwa mwaloni. Na kamati zikirudi kwa jina lolote litakalopendeza, kile kiti cha baria kirudi nacho, na safari hii hesabu za kamati zisomwe hadharani pale mwaloni.

Mara ya mwisho nilipokuwa Masese, pembeni kidogo tu ya mji wa Jinja, nilimkuta fundi ameukata mtumbwi mzima kwa msumeno katikati. Nilidhani anaubomoa kuni. Kumbe anaurefusha, anapachika kipande cha mbao mpya tumboni, halafu ataziba viungo kwa pamba na mabati. Mtumbwi ulikuwa wa kaka wawili, futi 25 na nusu. Nikamwuliza kama utakuwa salama na kiungo pale katikati kukiwa na wimbi. Akacheka, akasema, "Mzee, salama yake ya kwanza ni kwenye tepu." Akaipima mbele yangu. Futi 28 na inchi mbili. Nikamwuliza hizo inchi mbili za nini, mbao zenyewe ghali hivi.

"Za afande," akasema. "Tepu yake haianzii pale yangu inapoanzia."